Ruzuku ya utafiti wa akili mnemba si fedha ya kununulia mashine

Kila msimu wa kuomba ruzuku, wahadhiri huniletea bajeti zao nizipitie kabla hazijaenda kwa mfadhili, na kila msimu naikuta dhana ileile: kwamba utafiti wa akili mnemba (AI) ni kompyuta kubwa, na ikishanunuliwa mengine yatajipa. Andiko la mwisho kunifikia lilihusu kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu. Zaidi ya nusu ya fedha ilitengewa seva, ukusanyaji wa picha ukapewa mstari mmoja wa "usafiri na posho", na mtaalamu wa kuzitambua picha hizo hakutajwa kabisa.

Kazi hiyo imekwishafanyika karibu nasi, na ilivyofanyika inajulikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo ya IITA, ambao kazi yao ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mihogo, waliripoti mwaka 2017 kwamba walianza na picha 2,756 za majani, zilizopigwa kwa kamera ya kawaida katika mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Modeli, yaani programu inayojifunza kutambua picha, hawakuijenga tangu mwanzo. Walichukua iliyokwisha kufundishwa kwa picha za vitu vya kila siku, wakaiongezea mafunzo ya majani ya mihogo, na katika picha zilizotengwa kwa jaribio ilipatia kwa asilimia 93.

Ugumu ulikuwa shambani. Jani lililoshambuliwa na utitiri wa kijani hufanana na lenye ugonjwa wa batobato kiasi cha kumchanganya hata mkulima mzoefu, na shina lenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia laweza kuonekana zima mpaka ling'olewe, muhogo ukatwe, ndipo uozo uonekane ndani. Asiyezijua tofauti hizo akizipa picha majina yasiyo yake, mashine itajifunza makosa yake yote, na hakuna seva, hata iwe na nguvu kiasi gani, itakayoyasahihisha. Kwa hiyo nasisitiza, tena bila kuchoka, kwamba wa kwanza kuandikwa katika bajeti awe mtaalamu wa magonjwa ya mimea atakayekwenda shambani mwenyewe; wa pili awe mwenzake atakayezitazama picha zilezile bila kuona majibu ya wa kwanza; kisha itengwe fedha ya kurudi shambani msimu mwingine, kwa sababu jani la masika si jani la kiangazi. Mashine hukodishwa kwa saa. Macho ya mtaalamu huyo hayakodishwi kwa saa.

Dhana nyingine ni kwamba programu ikishaingia kwenye simu, utafiti umekwisha. Watafiti haohao walipoijaribu modeli yao katika simu, kwenye mwanga na mikono ya shambani, uwezo wake ulishuka, na ilibidi waendelee kuifanyia kazi. Mradi usio na fedha ya hatua hiyo huishia kwenye semina ya uzinduzi.

Wapo pia wanaosema tusubiri kampuni kubwa za nje zitufadhili. Google iliupa mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere dola milioni 1.3 mwaka 2019, lakini mradi huo wa kupima hewa ya Kampala ulikuwa kazini tangu mwaka 2015.

Kuhusu vibali, ambavyo wengi huviita usumbufu: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022, na sauti au picha ya mtu ni taarifa yake. Muda wa kusubiri kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, au cha NACOSTI, tume kama hiyo ya Kenya, uandikwe katika ratiba ya mradi, na mshiriki apewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoisoma. Andiko la utafiti wa watu lisiloambatanishwa na fomu hiyo humrudishia mwenyewe kabla sijafungua ukurasa wa bajeti.