Je, wajua familia za Kiyahudi zilizojificha Uholanzi zilipata wapi chakula?

Ukimuuliza mtu Wayahudi walijifichaje wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, atakutajia ukuta. Kabati la vitabu linalofunguka kama mlango, chumba cha siri chini ya paa, sakafu yenye mfuniko. Vyote hivyo vilikuwepo kweli. Lakini ukuta ulikuwa kazi ya fundi mmoja mwenye msumeno na mdomo wa kutunza siri, na ukishajengwa umejengwa. Kazi isiyoisha ilianza kesho yake asubuhi, saa ya chai: hawa watu watakula nini? Na kesho kutwa? Na mwaka ujao, katika nchi ambayo mkate haukupatikana kwa fedha peke yake?

Historia yenyewe kwa ufupi. Ujerumani iliivamia Uholanzi Mei 1940. Wayahudi walikuwa kama 140,000. Vitambulisho vyao vikapigwa herufi J, Mei 1942 wakalazimishwa kuvaa nyota ya manjano, na Julai mwaka huohuo treni zikaanza kuwapeleka kambi za mauaji: Auschwitz, baadaye na Sobibor. Waliouawa ni zaidi ya 100,000. Makadirio ya waliojificha ni kati ya 25,000 na 28,000, na takriban theluthi mbili yao walifika mwisho wa vita wakiwa hai. Ni makadirio kwa sababu inayoeleweka: nani angethubutu kuweka orodha?

Sasa kuna dhana za kuondoa njiani, nazo zina mizizi, kwa hiyo tutakawia hapo kidogo.

Ya kwanza ni kwamba familia ilijificha pamoja, baba, mama na watoto, mahali pamoja mpaka mwisho. Dhana hii inatokana na familia ya Anne Frank, binti Myahudi aliyeandika shajara mafichoni, ambayo dunia nzima inaijua. Iliingia mafichoni Julai 6, 1942, nyuma ya ofisi za biashara ya baba yake, Prinsengracht 263, katikati ya Amsterdam, ikakaa humo miaka miwili na mwezi mmoja. Lakini hiyo ilikuwa bahati ya watu wachache. Otto Frank alikuwa na jengo, alikuwa na wafanyakazi waliomwamini, na alikuwa na muda wa kujiandaa. Familia nyingi zilitawanyika siku ya kwanza. Mtoto alipelekwa shambani Friesland au Limburg, akapewa jina jipya na kuambiwa aseme nyumba yao imebomolewa kwa mabomu. Mama akapokewa mji mwingine kama mfanyakazi wa ndani. Baba akalala kwenye banda la nyasi. Na hawakutulia. Jirani akianza kuuliza maswali, mtu alihamishwa usiku huohuo. Wapo waliopita nyumba kumi na zaidi kabla vita havijaisha.

Ya pili ni kwamba kila aliyejificha alikuwa na msamaria mmoja. Kwa kawaida nyuma ya mtu mmoja ulikuwepo mnyororo: mwenye nyumba, aliyemsafirisha, aliyeghushi kitambulisho, daktari asiyeandika jina kwenye daftari, na karani fulani tutakayemfikia sasa hivi. Mwenye nyumba ndiye tunayemkumbuka kwa sababu nyumba hupigwa picha.

Ya tatu huwashangaza hata wasomaji wa historia. Kufikia 1944 Uholanzi ilikuwa na zaidi ya watu 300,000 mafichoni, na wengi wao hawakuwa Wayahudi. Walikuwa vijana waliokwepa kupelekwa kufanya kazi kwa lazima katika viwanda vya Ujerumani, wanafunzi waliokataa kutia saini kiapo cha utii, wanajeshi wa zamani. Jambo hili lilisaidia na lilichelewesha. Lilisaidia kwa kuwa mtandao mkubwa wa kuficha watu ulizaliwa. Lilichelewesha kwa kuwa mtandao huo ulipata nguvu 1943, wakati treni zilikuwa zimeshabeba Wayahudi wengi. Msako mkubwa wa mwisho Amsterdam ulifanyika Septemba 1943.

Turudi jikoni. Karibu kila kitu cha kula kilikuwa cha mgao: mkate, viazi, nyama, siagi, maziwa, sukari, hata sabuni ya kufulia. Kila mkazi alikuwa na kadi kuu iliyotolewa kwa jina lake. Kwa kadi hiyo alikwenda ofisi ya mgao kila kipindi kuchukua karatasi ya kuponi ndogondogo zenye namba. Gazeti lilitangaza namba zipi wiki hiyo zinanunulia nini.

Ili kuelewa mtego wake, fikiria laini ya simu. Kadi kuu ndiyo laini iliyosajiliwa kwa jina lako na alama za vidole. Kuponi ndiyo bando. Bando lina muda wake. Usipolitumia, limekwenda, na huwezi kulilimbikiza ukae nalo mwaka mzima. Fedha mfukoni hazikusaidii kitu kama huna laini, na laini huipati bila kujitokeza mwenyewe na kitambulisho. Sasa mtu aliyetoweka mafichoni ni sawa na mtu ambaye laini yake imefungwa. Akienda kuifungulia, anayemkuta dirishani ana orodha ya wanaotafutwa.

Na usidhani muuza duka angeweza kufumba jicho. Kila jioni yeye na mkewe walikaa mezani na gundi, wakibandika kuponi za siku hiyo kwenye makaratasi makubwa, moja moja, ili wazirudishe ofisini na kupewa haki ya kununua mzigo mwingine. Mkate aliotoa bila kuponi ulikuwa pengo kwenye karatasi yake. Mikate miwili mitatu angeweza kuisingizia panya. Mikate ya watu wanane kila wiki, hapana.

Njia zilikuwa tatu. Ulanguzi ulikuwepo, lakini bei zake zilimaliza akiba ya familia kwa miezi. Shamba lilikuwa bora zaidi, ndiyo maana watu wengi walipelekwa vijijini. Kijiji cha Nieuwlande huko Drenthe kilificha Wayahudi wengi kiasi kwamba baadaye Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Israeli, ilikitunuku kama kijiji kizima. Kwa aliyebaki mjini ilibaki njia ya tatu: kuponi halisi, zilizoibwa.

Hapo ndipo anapoingia karani. Haarlem kulikuwa na familia ya Ten Boom, mafundi saa, Wakristo wa kanisa la Kiprotestanti. Corrie ten Boom, aliyekuwa na miaka hamsini na ushee, alisimulia baadaye jinsi alivyokwenda usiku kwa Fred Koornstra, mtu ambaye zamani alikuwa akipita nyumbani kwao kusoma mita ya umeme na sasa alifanya kazi ofisi ya mgao. Alimweleza shida. Koornstra akamuuliza anahitaji kadi ngapi. Corrie alikwenda na nia ya kusema tano. Mdomo ukatamka mia. Kadi zilihesabiwa, kwa hiyo Koornstra akatunga wizi wa bandia pale ofisini, na baada ya hapo kadi zikaja kila mwezi.

Wengine hawakuwa na karani. Mwishoni mwa 1942 Helena Kuipers-Rietberg, mama wa watoto watano kutoka Winterswijk, aliyejulikana kama Shangazi Riek, alimshawishi mchungaji Frits Slomp azunguke nchi nzima akiunganisha watu wa kusaidia waliojificha. Slomp mwenyewe alikuwa mafichoni, kwa hiyo kidogo ni kama kumtuma kuku aliyetoroka akakusanye vifaranga. Ndivyo ulivyozaliwa mtandao ulioitwa LO. Pembeni yake vikaundwa vikundi vya vijana wenye bastola, LKP, ambao shabaha yao kubwa haikuwa madaraja wala reli. Walivamia ofisi za mgao. Mtu alihatarisha shingo yake kwa gunia la karatasi zilizotobolewa.

Wajerumani hawakuwa wajinga. Waliona kuponi zinazotumika zinazidi walaji wanaojulikana. Kuanzia mwisho wa 1943 wakaleta kadi kuu ya pili: kila mtu afike mwenyewe, aonyeshe kitambulisho, abandikwe stempu maalumu. Ukirudi kwenye laini yako, hapa ndipo panapotangazwa uhakiki, na wote ambao hawajahakikiwa wanazimwa siku moja. Mpango ulikuwa wa akili, na ungewaumbua maelfu bila kuvunja mlango hata mmoja. Lakini Januari 25, 1944 watu wa upinzani dhidi ya Wajerumani waliingia ofisi za manispaa ya Tilburg wakatoka na stempu zaidi ya 100,000. Uhakiki ukabaki jina.

Mwezi mmoja baadaye, Februari 28, polisi waliivamia nyumba ya Ten Boom kwa taarifa ya msaliti. Wakagonga kuta, wakapekua, wakawakamata watu wapatao thelathini. Katika chumba cha Corrie, nyuma ya ukuta wa matofali wa bandia, watu sita walikuwa wamesimama wamebanana, wanne wao Wayahudi. Hawakuonekana. Walikaa humo kama siku mbili mpaka polisi waliokuwa upande wa upinzani walipowatoa. Kilichoonekana ni karatasi: kadi za mgao nyingi kuliko walaji wa nyumba ile, pamoja na nyaraka nyingine za upinzani. Mzee Casper ten Boom, mwenye miaka 84, alikufa akiwa mfungwa siku chache baadaye. Binti yake Betsie alifia kambi ya Ravensbrück mwezi Desemba, kambi ileile alikokufa Shangazi Riek mwezi huohuo.

Prinsengracht, kwa akina Frank, nako tumbo liliendeshwa kwa karatasi. Miep Gies, karani wa Otto Frank, alinunua mboga kwa Hendrik van Hoeve, mwenye duka mtaa wa jirani, aliyekisia mambo kwa ukubwa wa kikapu na hakuuliza. Kuponi zililetwa na mumewe Jan, aliyekuwa na watu kwenye upinzani. Machi 1944 wauzaji wawili wa kampuni waliokuwa wakiwapatia kuponi walikamatwa, na mafuta yakakatika mezani. Mei akakamatwa van Hoeve, kwa kosa lake mwenyewe: alikuwa na Wayahudi wawili nyumbani kwake.

Agosti 4, 1944 polisi wakaja. Kwa miaka mingi swali limekuwa moja tu, nani aliwasaliti, na majina yametajwa na kukanushwa kwa zamu. Mwaka 2016 watafiti wa Jumba la Anne Frank, makumbusho yaliyo kwenye jengo lilelile, waliuliza swali jingine: je, huenda polisi walifuata harufu ya biashara ya kuponi na kazi haramu katika jengo lile, wakakuta akina Frank na wenzao, watu wanane, bila kuwatafuta? Hawakusema wamethibitisha, na usaliti haujafutwa kwenye orodha. Walichoonyesha ni kwamba jengo hilo lilikuwa na sababu nyingine ya kutembelewa na polisi, na sababu hiyo ilikuwa na ukubwa wa stempu ya posta.