Dawa ya ganzi hesabu miligramu, sio mls

Kwenye chumba cha kushonea vidonda kuna maneno nayasikia karibu kila zamu, "ongeza kidogo bado anasikia", na hiyo kidogo ndo inanitia hofu, maana lignokeini, dawa ya ganzi tunayotumia, tumeizoea sana, ipo kwenye trei muda wote, tunaivuta kwenye bomba hata kilo za mgonjwa hatujauliza.

Chupa ikiandikwa 2% maana yake gramu 2 kwenye mls (mililita) 100, yani kila ml moja ina mg 20. Zidisha asilimia mara 10 tu, basi, 1% ni mg 10 kwa ml, bupivakeini (dawa nyingine ya ganzi) ya 0.5% ni mg 5. Lignokeini isiyo na adrenalini mwisho wake ni mg 4.5 kwa kilo na isizidi 300 (wengine wanaishia 3 kwa kilo, na mimi kwa mzee au mwenye shida ya ini nakaa kwenye 3). Mtu wa kilo 50 ni mg 225, ambayo kwa chupa ya 2% ni mls 11 na kitu. Mtoto wa kilo 10 je? Mg 45, mls 2 na robo! Bomba la mls 5 ukilimaliza lote umempa zaidi ya mara mbili.

Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa kijana wa bodaboda, mwembamba, kidonda kichwani na kingine mguuni. Mimi nikamchoma mls 10 za lignokeini ya 2% kichwani, mwenzangu akaja kuanza mguuni nae akachoma mls 10, hakuna aliyemuuliza mwenzie, jumla mg 400. Baada ya muda kijana anasema "sista mbona midomo inakufa ganzi, masikio yanalia", mimi namwambia tulia ni woga. Haikuwa woga. Bahati nzuri kuna daktari alikuwa anapita akasikia, akatusimamisha, kijana akawekewa oksijeni na monita, hakufika kwenye degedege. Ile "tulia" niliyomwambia bado inaniuma.

Kinachotokea ni hivi, dawa ya ganzi inafunga milango ya sodiamu kwenye neva ili ujumbe wa maumivu usipite, lakini milango hiyohiyo ipo kwenye ubongo na kwenye moyo, kwa hiyo ikizidi kwenye damu unaanza kuona ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, ulimi mzito, alafu degedege, alafu moyo. Bupivakeini ni mbaya zaidi kwa moyo, inang'ang'ania pale haiachii haraka. Kichwani pia damu ni nyingi, dawa inanyonywa upesi, ndo maana vuta bomba nyuma kwanza uone kama kuna damu kabla hujasukuma. Ikichanganywa na adrenalini mishipa inabana, dawa inakaa palepale, ndo kiwango kinapanda mpaka mg 7 kwa kilo.

Na mara nyingi "bado anasikia" ni kwamba hatujasubiri. Lignokeini ipe dakika 3 mpaka 5, na mwambie mgonjwa kabisa kwamba atasikia kuguswa na kuvutwa ila sio maumivu, maana neva za maumivu zinatangulia kulala. Kwenye jipu ni habari nyingine, pale kuna asidi nyingi, dawa haipenyi vizuri kwenye neva, ukiongeza unaongeza sumu tu bila ganzi. Choma kuzunguka jipu sio katikati, au ongea na daktari mapema kuhusu njia nyingine.

Dalili zikianza acha kuchoma, ita msaada, oksijeni, diazepamu kwa degedege, na ile emulsheni nyeupe ya mafuta ya 20% ya kutibu sumu ya dawa ya ganzi, ml 1.5 kwa kilo mshipani, kwa mtu wa kilo 50 ni mls 75. Sisi yetu ipo kabati la thieta (chumba cha upasuaji) upande wa kushoto, na kila nikiingia zamu naenda kuangalia kama bado ipo.