Makohozi Yanatakiwa Yatoke: Maswali na Majibu Kuhusu Fiziotherapia ya Kifua

Fiziotherapia ya kifua ni nini?

Ni mbinu za kupumua, kulala kwa mikao maalumu, kupigapiga na kutikisa kifua ili makohozi yaliyokwama yasogee kutoka vijia vidogo vya hewa hadi vikubwa, kisha yakoholewe na kutemwa. Si kukanda mwili, na si kumtwanga mtu mgongoni mpaka alie.

Nani anaihitaji?

Mwenye bronkiektasia, yaani vijia vya hewa vilivyotanuka na kulegea hata vikashindwa kujisafisha. Mwenye misuli dhaifu asiyeweza kukohoa kwa nguvu, kwa mfano baada ya kiharusi au kuumia uti wa mgongo. Aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua. Mwenye nimonia ya kawaida anayekohoa vizuri mwenyewe hana haja ya kupigwapigwa. Anahitaji dawa sahihi. Mtoto mchanga mwenye bronkiolitisi, maambukizi ya virusi kwenye vijia vidogo, naye kupigwa kifua hakumsaidii, kunamchosha tu.

Mgonjwa ana makohozi mengi. Nimpe dawa ya kuzuia kikohozi apumzike?

Hapana. Kukohoa ndiko kunakosafisha kifua. Dawa ya kuzuia kikohozi haikaushi makohozi wala haiui vijidudu. Inatuliza tu ile hamu ya kukohoa. Makohozi yanabaki palepale, yanaziba vijia, sehemu ya pafu inakosa hewa na kusinyaa, bakteria wanazaliana kwa raha zao. Zile zenye kodeini, dawa ya jamii ya afyuni, ni mbaya zaidi kwa sababu zinaweza pia kupunguza upumuaji wenyewe, na mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi kabisa.

Lakini akiinywa anatulia.

Kilichotulia ni kelele. Ugonjwa unaendelea kimyakimya, na ndiyo maana wengi wanaletwa wakiwa wamechelewa: siku tatu nne "ametulia", ya tano hawezi kumaliza sentensi bila kuhema.

Hata usiku tu, ili alale?

Hata usiku. Mfanyishe zoezi la kutoa makohozi saa moja hivi kabla ya kulala, kisha alale kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa kwa mito. Akiamka kukohoa, mkalishe, akohoe, ateme, arudi kulala.

Zoezi lenyewe linafanywaje?

Lile tunalowafundisha wengi ni mzunguko wa kupumua, na mtu mzima analifanya mwenyewe akiwa amekaa wima, mabega yamelegea.

Anaanza kwa kupumua taratibu, tumbo likiinuka na kushuka, kwa nusu dakika au mpaka atulie. Kisha anavuta pumzi ndefu mara tatu au nne. Kila pumzi aishikilie kwa sekunde tatu, halafu aiache itoke yenyewe bila kuisukuma. Hizo sekunde tatu zina kazi: hewa inapata nafasi ya kupenya hadi nyuma ya makohozi, na bila hewa nyuma yake hakuna kitakachoyasukuma. Arudi kwenye kupumua taratibu.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi wanaikosea. Anavuta pumzi ya wastani, anafungua mdomo na koo, na kuitoa kwa nguvu kwa sauti ya "haaa", kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Anayefunga koo anakuwa anakohoa tu, na anayesukuma kwa nguvu kupita kiasi anavifanya vijia vijibane, anabaki anakorota bila kutoa kitu. Tumbo ndilo linakaza, si shingo. "Haaa" ya pumzi ya wastani, ndefu kidogo, huyatoa makohozi ya mbali. Yakishapanda juu na kusikika, avute pumzi kubwa, atoe "haaa" fupi yenye nguvu, au akohoe mara moja au mbili. Asitoe "haaa" zaidi ya mbili mfululizo bila kurudi kupumua taratibu, hasa mwenye pumu, maana kifua kitabana.

Mzunguko unarudiwa kwa dakika 10 mpaka 20. Ukisikia "haaa" mbili zinazofuatana hazina mkoromo, inatosha. Akichoka kabla ya hapo, inatosha pia.

Na kupigapiga?

Hiyo ni nyongeza, na si kila mtu anaihitaji. Onyeshwa kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, ndipo ufanye nyumbani. Kiganja kinakunjwa, vidole vimeshikana, katikati pabaki na uwazi, na kifundo cha mkono kinalegea. Piga juu ya nguo au taulo jepesi, kwenye mbavu tu, kwa dakika tatu hadi tano kila upande. Sauti inayotakiwa ni nzito ya uwazi. Ukisikia kofi, mkono umenyooka. Ngozi ikiwa nyekundu au mgonjwa akikunja uso, unampiga, humtibu. Usiguse uti wa mgongo, matiti, mfupa wa katikati ya kifua, sehemu ya figo, wala kidonda.

Kutikisa ni tofauti: viganja vinawekwa bapa kwenye mbavu na kutikisa kwa kubonyeza kidogo wakati mgonjwa anatoa pumzi. Anapovuta, acha.

Alale vipi?

Kanuni ni moja: upande wa pafu wenye makohozi uwe juu ili yateremke kuelekea koo. Tatizo likiwa pafu la kulia, alalie ubavu wa kushoto, dakika 5 hadi 10, huku akifanya mzunguko wa kupumua. Ule mtindo wa zamani wa kuinamisha kichwa chini ya kifua usifanywe nyumbani bila maelekezo. Ni hatari kwa mwenye kiungulia, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aliyeumia kichwa, anayehema, na watoto wachanga.

Kabla au baada ya kula?

Kabla ya kula, au saa mbili baada yake. Tumbo likijaa atatapika, na matapishi yakiingia mapafuni mmeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Ana dawa za kuvuta. Zinapangwaje?

Dawa ya kutanua vijia inatangulia, isubiriwe kama dakika 15 ifanye kazi, kisha zoezi. Antibiotiki ya kuvuta na dawa ya steroidi, ile ya kupunguza uvimbe kwenye vijia, zinafuata baada ya kutema, la sivyo zinaishia juu ya makohozi.

Maji na mvuke vinasaidia?

Maji ya kutosha husaidia makohozi yasiwe mazito mno. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiwango alichopewa na daktari. Kuhusu beseni la maji yanayochemka chini ya shuka: acheni, hasa kwa watoto. Linaunguza, na faida yake ni ndogo mno kulinganisha na hatari hiyo.

Nimepasuliwa tumbo. Nikikohoa mshono unauma, nijizuie?

Hapana, na hili ni kosa lilelile kwa sura nyingine. Ukijizuia, sehemu ya chini ya mapafu inasinyaa na nimonia inafuata. Kunywa dawa ya maumivu uliyoandikiwa nusu saa kabla, kaa wima, kumbatia mto ukiubana juu ya mshono, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha toa "haaa" na ukohoe. Kila saa ukiwa macho. Na ukiruhusiwa kutembea, tembea.

Makohozi yakiwa ya kijani niombe antibiotiki?

Rangi pekee haitoshi. Mwenye bronkiektasia aangalie mabadiliko: yameongezeka, yamekuwa mazito zaidi, yamebadilika rangi kuliko kawaida yake. Hapo aende, na sampuli ipimwe. Yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, hata kama anadhani ni mafua. Ateme kwenye chombo chenye kifuniko, si sakafuni.

Ni lini zoezi lisifanywe?

Akikohoa damu, mbavu zikiwa zimevunjika, akiwa na maumivu makali ya ghafla ya kifua, au akiambiwa hewa imevuja nje ya pafu. Mwenye mifupa dhaifu asipigwepigwe. Mzunguko wa kupumua unamfaa.

Tuendelee nyumbani mpaka lini kabla ya kwenda hospitali?

Kwa dalili hizi, msiendelee hata saa moja: midomo au ulimi kubadilika kuwa bluu au kijivu, kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, kukohoa damu, mbavu kuzama ndani anapovuta pumzi. Kwa mtoto, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, hajalia wala hanyonyi. Pumzi 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: huyo anapelekwa sasa. Asiyeweza kunyonya au kunywa anapelekwa sasa hata kama hesabu ni ya kawaida.

Hakuna kupiga kifua kutakakoleta oksijeni kwa mtu aliyefika hapo. Hakuna dawa ya maji ya kikohozi itakayofanya hivyo pia. "Tumpigepige kwanza tuone" ndiyo kauli inayotuletea wagonjwa usiku wa manane.

Na njiani?

Akalishwe wima au nusu wima, nguo za kubana zifunguliwe. Asilazwe chali, asipewe kitu chochote kinywani ikiwa amesinzia au anahema sana, na asipigwe kifua. Bebeni dawa zote alizotumia.