Ngoma inasikika, nyumba haijulikani

Likizo iliyopita, nikiwa kwetu Wete, ami yangu aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamwambia natafuta wenyewe wa mionzi ya gama, yaani mwanga wenye nguvu kupita wote, usioonekana kwa macho, inayotufikia kutoka angani. Akasema: "Kama hamjui ni nini, mwajuaje kama kipo?"

Nilimjibu kwa ngoma. Usiku upepo ukivuma kutoka Mtambwe, ngoma inasikika ng'ambo ya maji. Upande unaujua, nyumba huijui.

Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, ndiyo sikio letu. Orodha yake ya miaka 8 ya mwanzo ina vyanzo zaidi ya 5,000, na zaidi ya 1,300 kati yake havikupata mwenyewe. Tatizo ni kwamba mionzi ya gama haikubali kukusanywa kwa kioo wala lenzi. Fermi huiacha igonge mabamba membamba ya tangsteni, izae elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), kisha hufuata nyayo zao kukadiria ilikotoka. Kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, za nguvu ndogo, kosa huzidi nyuzi 3, na mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi tu! Tukikusanya fotoni nyingi kosa hupungua, lakini bado tunabaki na duaradufu, kipande cha anga ambamo chanzo huenda kimo, yenye nyota na galaksi tele ndani yake.

Hapo tunaomba msaada wa darubini nyengine. Mimi huanza na eksirei, kwa sababu vitu vinavyoitoa kwa wingi ni vichache, na nukta moja ya eksirei inaweza kutupa anwani ya kuaminika. Redio na infraredi hufichua blaza, yaani galaksi ambayo shimo jeusi la katikati yake linarusha mchirizi wa chembe kuelekea kwetu.

Lakini kukaa mtaa mmoja si ushahidi. Kitu kikionekana ndani ya duaradufu, tunasema chanzo kimehusishwa nacho. Hakijatambuliwa. Nawasisitizia sana wanafunzi tofauti hii. Kutambua mara nyingi kunataka viwili vibadilike pamoja: mwako wa gama na mwanga kwa wakati mmoja, au mdundo uleule.

Geminga inaonyesha vizuri. Iligunduliwa na setilaiti ya SAS-2, iliyorushwa Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, pwani yetu hii hii. Kila nikikumbuka hilo moyo hunijaa. Jina lake, kwa lahaja ya Milano, linasikika kama "hakipo", na kwa miaka kweli hakikuonekana: redio kimya, mwanga hafifu mno. Eksirei ndiyo iliyotoa nukta ya kushuku. Mwaka 1992 setilaiti ya ROSAT ikasikia katika nukta hiyo mdundo wa kila sekunde 0.237, na mdundo huohuo ukapatikana kwenye gama. Ilikuwa nyota ya nyutroni, kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka, inayozunguka na kudunda kila mzunguko. Miaka 20 kwa chanzo kimoja.

Mara nyengine mwanga wa kawaida ndio unaofungua mlango. Katika chanzo kiitwacho J1311-3430, nyota hafifu ilionekana iking'aa na kufifia kila dakika 93 hivi, kwa kuwa upande wake mmoja unachomwa na mwenzake asiyeonekana. Kwa kuujua mzunguko huo, watafiti walirudi kwenye fotoni za Fermi mwaka 2012 na kuukuta mdundo wa mwenzake huyo, nyota ya nyutroni, wa kila milisekunde 2.56. Bila dakika zile 93, kompyuta zingepapasa gizani.

Ami alinyamaza, kisha akauliza kama mimi ninacho changu. Ninacho. Kina nukta moja ya eksirei, na ndani yake nyota moja hafifu, ambayo bado hatujaipima usiku mzima.