Lida haichungulii chini ya udongo

Juzi ndani ya daladala la Gongo la Mboto kijana mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba siku hizi kuna leza ya kwenye droni inayopiga milima ya Uzbekistan, huko Asia ya Kati, eksirei na kuona miji iliyofukiwa. Nimeshaisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na inaniuma.

Leza hiyo huitwa lida, nayo ni kipimo cha umbali. Droni au ndege inashusha mipigo ya leza, kila mpigo unagonga kitu na kurudi, muda wake unageuzwa kuwa mita. Mipigo ikifika mamilioni, unapata ramani ya miinuko na mabonde.

Jina lenyewe linasema hivyo. Rada tunaijua, inapima umbali kwa mawimbi ya redio. Miaka ya 1960 ikaja leza, mwanga ukakaa mahali pa redio, na rada ikazaa lida. Habari ya kupenya ardhi haimo. Ipo rada inayopenya ardhi, lakini hiyo ni mashine nyingine kabisa, huburutwa juu ya udongo.

Mbona basi inaona chini ya msitu? Simama chini ya mwembe saa saba mchana, utazame miguuni. Yale madoa ya jua hayakutoboa jani hata moja, yamepita kwenye mianya. Leza nayo hupita humo humo. Mipigo mingi huishia majanini, michache hufika chini, kisha kompyuta huondoa ya majani. Ndivyo Caracol, mji wa Wamaya huko Belize, ulivyopimwa mwaka 2009.

Ile milima ya Uzbekistan hata msitu haina, ni malisho. Tashbulak na Tugunbulak, magofu ya miji miwili ya kale, ziko huko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Kuta zake zilianguka zamani, udongo na nyasi vikazifunika, yakabaki matuta ambayo ukipita kwa miguu unayaruka bila kuwaza. Lida ilipima matuta hayo, na mwaka 2024 timu ya wanaakiolojia Michael Frachetti na Farhod Maksudov ikatoa ramani: Tashbulak hekta 12 hivi, Tugunbulak kama 120. Ila Tashbulak walishaipata mwaka 2011, wakitembea.

Yule kijana alikosea neno moja tu, eksirei. Angesema leza ilionyesha sura ya ardhi ilivyo juu, na ya chini yakajulikana kwa jembe, ningeshuka kituoni nikiwa nimeridhika.