"Dawa hakuna, nesi kauza": maneno ya kwenye daladala na ukweli wake

Juzi kwenye daladala ya Bahi kuna mama alikua na kikaratasi mkononi, mtoto kaandikiwa amoksilini, kafika dirishani kaambiwa hakuna nenda kanunue, basi gari zima likahukumu palepale, nesi kauza. Mi nimekaa kamati ya zahanati ya kijiji chetu, nikajikaza ninyamaze, nikashindwa.

Wezi wapo, simtetei mtu. Ila mara nyingi dawa haikufika kabisa. Boksi likija linafunguliwa mbele ya wajumbe wa kamati, tunahesabu na karatasi ya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, mkononi, na mara kibao umeagiza kopo kumi limekuja mbili, zingine wameandika tu hazipo. Sasa zamani mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ikitokea hivyo anahangaika mwenyewe kutafuta muuzaji, kila mmoja na bei yake, na vibali juu, mwezi unaisha. Ndo 2014 mkoa wetu huuhuu wa Dodoma, kwa msaada wa Uswisi, ukaanza mfumo wa Jazia, yaani pale MSD ilipopungukiwa unajaziwa na mshitiri, yaani muuzaji binafsi mmoja aliyeshinda tenda ya mkoa mzima, bei zimeshafungwa kwenye mkataba, vituo vinaagiza kupitia halmashauri. Morogoro na Shinyanga wakafuata 2016, kufika 2018 mikoa mingine ya Bara ikaingia. Watu wanadhani kila kitu kizuri kinatoka Dar, hiki kimetoka kwa Wagogo bana.

Utasikia pia eti mshitiri kaletwa aiue MSD. Hapana, lazima uanze MSD, ukikosa huko ndo unaenda kwake.

Halafu hii ya "dawa feki, haina GOT". Babu mmoja alirudisha vidonge vyake vya presha dirishani kisa hajaona hizo herufi! GOT ni alama ya dawa za MSD, za mshitiri unaweza usiikute na wala sio feki, muuzaji anatakiwa awe na kibali na dawa iwe imesajiliwa TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Ukiikuta GOT inauzwa kwenye duka la mtu, hapo sawa, piga kelele.

Sasa swali ambalo yule mama aliniuliza na lilinibana: mbona Jazia ipo na dawa bado hakuna? Kwasababu mshitiri hagawi, anauza. Tangu 2017/18 hela ya mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kupitia halmashauri, hilo limesaidia sana, lakini hela zingine ni za papo kwa papo anazolipa mgonjwa, na bima, na hebu kaa kwenye benchi la zahanati ya kijijini asubuhi moja uhesabu: mjamzito bure, mtoto chini ya miaka 5 bure, mzee wa 60 na zaidi asiye na uwezo bure. Nani kabaki wa kulipa? Kijana wa bodaboda aliyechubuka goti. Msamaha ni haki yao kabisa, ila dawa waliyopewa lazima mtu airudishie hela, na asiporudishia shelfu linakauka hata uwe na washitiri watano.

Nyota nazo, zile serikali inazowapa vituo kwa ubora wa huduma, zinaeleweka vibaya, watu wanadhani kituo cha nyota sifuri kinafungwa. Tathmini ya 2015/16 ilikuta vituo 34 kati ya kila 100 vina sifuri, ungefunga vyote tungetibiwa wapi? Kila kituo kiliandikiwa mpango wa kurekebisha, wakarudi kupima 2017/18, wa sifuri wakabaki kama 4 kati ya 100.

Na ukitaka kulalamika usikimbilie Wizara ya Afya, zahanati iko chini ya halmashauri na TAMISEMI, Wizara ndo inashika hospitali za rufaa za mikoa kama General pale mjini. Anza na kamati ya kituo, omba uone leja ya hiyo dawa, yaani daftari la kuingia na kutoka kwake, ilifika lini na ngapi. Yule mama akaniuliza leja ndo nini, konda akawa ashagonga bati, mama kashukia Kigwe.