Samaki Gani Wakae Pamoja Kwenye Tangi Dogo? Kwa Sisi wa Arusha, Anza na Maji

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo huwa ananijia na swali moja: "Nikichanganya hawa na hawa, hawatagombana?" Ni swali la msingi, ila limeruka hatua. Matangi mengi ninayoitwa kuyaangalia hapa mjini hayana ugomvi wowote. Samaki wanakufa mmoja mmoja kwa sababu wamechanganywa viumbe ambao asili yao ni maji tofauti, na angalau mmoja wao maji ya Arusha hayamfai.

Maji yetu yamepita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Miamba hiyo hiyo inayoleta floridi, ile inayoacha meno ya watoto wetu na rangi ya kahawia, ndiyo inayoyapa maji alikali. Ukipima pH (kipimo cha asidi na alikali; 7 ni katikati, juu yake ni alikali) mara nyingi utaikuta juu ya 7, na visima vingine huvuka 8. Kwa hiyo kabla hujachagua samaki hata mmoja, pima maji ya bomba au kisima chako. Kipimo hicho kitakuchagulia nusu ya wakazi.

Chukua neoni, yule mdogo mwenye mstari wa bluu na mwekundu. Kwao ni mito ya Amazon, maji laini (yenye madini machache) na yenye asidi kidogo. Ukimweka kwenye pH 8 pamoja na gapi, samaki mdogo mwenye mkia wa rangi, gapi atanawiri na neoni atadhoofika. Mwenye tangi atadhani gapi anamwonea. Hamwonei, maji ndiyo yanayomwonea.

Kuna jambo jingine kuhusu pH ambalo natamani kila mfugaji wa Arusha alijue. Samaki hutoa taka iitwayo amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Kwenye maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia hiyo iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye 8.5 inakaribia asilimia 15. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, lakini sumu imeongezeka mara nyingi. Ndiyo maana idadi ya samaki unayoelekezwa na mtu anayefuga kwenye maji laini inaweza kuua hapa kwetu. Ongeza na mwinuko: tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lile lile maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Tangi lililojaa sana, umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, asubuhi utakuta samaki wako juu wanahema.

Sasa tuseme una tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Kwa maji yetu mimi huanza na gapi au plati. Wote wanapenda maji ya alikali, wote wanataka joto la nyuzi 24 hadi 26, na hakuna anayeweza kummeza mwenzake mzima. Ukichanganya dume na jike, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, maana dume husumbua jike bila kupumzika. Ila jike wa gapi huzaa karibu kila mwezi na huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, kwa hiyo kumtenga hakusimamishi uzazi mara moja. Asiyetaka vifaranga achukue madume watupu, wanane au kumi, na tangi litakuwa limejaa rangi. Chini unaweza kuweka kambare wadogo wa jamii ya Corydoras kama pH yako haijavuka 8. Wanaishi kwa kundi, kwa hiyo wawe sita, na uwapunguze gapi ili kuwapa nafasi.

Samaki wa dhahabu ndiye anayeharibu mahesabu ya wengi. Anauzwa akiwa na urefu wa kidole, kisha anafika sentimita 15 na kuendelea, anachafua maji kupita wote, na anapenda ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22. Huwezi kumpa yeye 20 na gapi 25 ndani ya kioo kimoja. Kwenye lita 54 simweki kabisa, hata akiwa peke yake. Pleko, yule anayenyonya kioo, pia simpendekezi; anaweza kuvuka sentimita 30. Beta dume, yule samaki mpiganaji, akiona mkia mrefu wa gapi humshambulia kama dume mwenzake. Na yule bapa aitwaye malaika akikua humeza samaki wadogo, tena anahitaji tangi refu kwenda juu.

Sheria ninayoifuata kuhusu ukubwa ni kuangalia mdomo wa samaki akiwa mzima. Kinachoingia mdomoni kitaliwa, hata kama wamelelewa pamoja.

Lakini chaguo ninalolipenda kuliko yote ni la nchini kwetu. Neolamprologus multifasciatus wa kusini mwa Ziwa Tanganyika ni miongoni mwa sikilidi (jamii ya akina perege) wadogo kabisa duniani. Dume hufika sentimita 4 au 5 tu. Anaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na ziwa lake lina pH ya karibu 9. Alikali inayowatesa neoni kwake ni nyumbani. Mwekee mchanga laini wa sentimita 5, makombe mengi kuliko idadi ya samaki, kisha ukae uangalie: wanachimba, wanazika makombe hadi mlangoni, kila mmoja analinda eneo lake, na vizazi vinakua pamoja bila kufukuzana. Anza na sita au wanane. Usiwachanganye na gapi, kwa sababu watawafukuza wakubwa na kula vifaranga vyao. Wenyewe kwa wenyewe wanatosha kulijaza tangi uhai.

Usiwachanganye pia na mbuna wa Ziwa Nyasa kwa kuwa tu wote ni sikilidi wa maziwa yetu. Mbuna ni wakubwa na wakali. Lita 54 ni ndogo mno kwao.

Wa Moshi wako chini ya mita 1,000 na joto lao ni kubwa zaidi, kwa hiyo hita kwao si lazima miezi mingi. Maji wayapime wenyewe, wasichukue orodha yangu kama ilivyo. Sisi wa Arusha, usiku wa Juni na Julai hita ya wati 50 haikwepeki.

Filta iendeshwe wiki nne hadi sita kabla tangi halijapokea kundi zima, ili bakteria wanaokula amonia waote. Ndani ya wiki hizo ingiza samaki wachache tu, watatu au wanne, maana bakteria hao hawaoti bila amonia. Baada ya siku tatu pima amonia. Ikiwa si sifuri, badilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa ndooni usiku kucha yakipulizwa hewa, na usiongeze samaki mwingine hadi isome sifuri wiki nzima.